Mkono Mrefu wa Sweta la Kaka

Mji wetu ni wa joto. Mchana mabati ya nyumba hulia kwa ukali wa jua, na paka wa jirani hulala kwenye sakafu yangu ya saruji akiwa amenyoosha miguu yote minne kama nguo iliyoanikwa. Katika mji huo mimi hufuma masweta. Nafuma pia skafu, soksi nene na kofia za kuziba masikio, kisha nawagawia watu ninaowapenda. Ndiyo maana watu wengi ninaowapenda wakiniona nakuja na mfuko hukumbuka ghafla kwamba wameacha kitu jikoni.

Kazi yangu ya mshahara ni mapokezi, kwenye kliniki ya meno. Nakaa nyuma ya meza, mbele yangu wamekaa watu wenye mashavu yaliyovimba, na foleni ikituama natoa sindano zangu za kufumia. Siku moja mzee mmoja aliyekuja kung'olewa jino alizitazama, akainuka polepole, akaenda zake na jino lake. Tangu hapo daktari ameniomba niwe nafumia chini ya meza.

Ufumaji nilifundishwa na mama yetu, Mungu amrehemu. Mama alikuwa na mikono yenye baraka. Alichokifuma kilikaa mwilini kama kimeota hapo. Baraka hizo ziliposhuka kwetu watoto zilinipita mimi pembeni, zikatua kusikojulikana. Nilimfumia mtoto wa jirani kofia, mama yake akanishukuru sana, na wiki iliyofuata nikaikuta imevishwa birika la chai. Nilimshonea wifi yangu aproni, mfuko nikaubandika mdomo ukiangalia chini. Wifi akaivaa. Kila akiingiza kijiko mfukoni kinaanguka, anainama, anakiokota, anatabasamu. Skafu niliyompa mume wa binamu yangu siku ya harusi yao niliiona baadaye shingoni mwa mbwa wao, na kusema kweli ilimpendeza kuliko bwana harusi.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuacha kitu jikoni. Kaka yangu.

Kaka alifanya kazi kwenye ghala la baridi, kule ambako kuku na samaki huhifadhiwa kwenye vyumba vilivyoganda kabla ya kupelekwa madukani. Aliingia pale akiwa kijana ambaye ndevu hazijatimia, na hakutoka tena. Wenzake walimwita Barafu. Sisi nyumbani tulimjua kwa mashavu yake. Akirudi kazini watoto walimkimbilia kumgusa uso, maana alikuja na ubaridi ngozini kama mtu aliyetoka nchi nyingine. Kisha alikaa kwenye ngazi ya mlango, pale jua la jioni linapopiga, akatulia kama mjusi, na akaomba chai. Chai yake ilikuwa ya moto hadi sisi wengine tukiitazama tu midomo inauma. Maji ya baridi hakuyagusa. Alisema hayo anayaona kazini kila siku, hawana la kuzungumza.

Kwa hiyo katika mji mzima wa watu wanaotokwa na jasho, nilikuwa na mtu mmoja mwenye haki ya kuvaa sweta, na mtu huyo alikuwa wa tumbo moja nami. Mnaona wenyewe jinsi Mungu anavyopanga. Nilimfumia bila huruma.

Sasa niwaeleze habari ya mikono. Masweta yangu yote yana kasoro nyingi, lakini kuna moja isiyokosa: mkono wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia. Si kwa kidogo. Mkono wa kulia unaishia kwenye kifundo cha mkono kama wa masweta ya watu wengine. Wa kushoto unaendelea, unafunika vidole vyote, na nchani unabaki ukining'inia kama soksi isiyo na mguu.

Chanzo ni hiki. Mama alituachia utaratibu kwamba zawadi ya mtu humalizwa katika sala. Kifua, mgongo na mkono wa kulia navifuma kliniki, macho wazi, nikihesabu vitanzi. Mkono wa kushoto nauanzia nyumbani na kwenda kuumalizia Jumapili alasiri kwenye ushirika wa akina mama, kanisani, ambako kila mmoja huja na kazi yake ya mkono: huyu anadarizi foronya, yule anashona nguo za mtoto. Ikifika saa ya sala wenzangu huweka kazi chini. Mimi siweki. Mama alinifundisha kwamba mstari ukiachwa katikati unalegea, basi nafumba macho na kuendelea kufuma mpaka nisikie amina.

Na anayeomba ni Mama Mwenyekiti.

Simsemi vibaya mama yule, ni mcha Mungu kweli. Ila sala yake ikishaanza haijui kwao. Ataanza na wagonjwa wa mtaani, atahamia wanafunzi, atawakumbuka madereva, mabaharia, wafungwa na walinzi wa wafungwa, na ukidhani sasa anatua utamsikia anavuta pumzi na kusema, "Na tena, Baba…" Hapo mimi sindano zinakwenda, macho nimefumba, na mkono wa sweta unarefuka. Nikifumbua macho, kazi imeshaharibika na nimeshabarikiwa.

Mara ya kwanza nilitaka kuufumua. Kaka alikuwa amepita kunisabahi, akalichukua sweta, akalivaa palepale na jasho lote lile. Akanyoosha mikono mbele kama mtu anayepimwa.

"Kaka, vua nilirekebishe. Huu mkono umepotea njia."

"Umepotea wapi? Umefika."

"Hata vidole havionekani!"

"Wewe unavitakia nini vidole vyangu?" Akakunja kile kipande kinachoning'inia, akakikunjua, akakikunja tena. "Fundi, sikiliza. Usiuguse. Na ukinifumia jingine, liwe hivihivi. Umenipima sawasawa."

Alikuwa ananiita Fundi. Wengine katika ukoo waliniita hivyo kwa kunicheka, na nilicheka nao. Kaka alilitamka jina hilo bila kucheka, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi miaka yote. Nilijiuliza: huyu kweli anapenda, au ananionea huruma? Maana tangu utoto ndiye aliyekula ugali wangu ulioungua na kusema una harufu nzuri ya moshi.

Sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nikimwona na sweta anapotoka alfajiri, mkono wa kushoto umekunjwa, nasema, basi, yatosha.

Kisha kaka akafa. Presha ilimpanda asubuhi moja akiwa anafunga viatu, na kabla jirani mwenye gari hajapata funguo, ilikuwa imekwisha. Sina maelezo zaidi ya hayo. Watu waliniuliza, nikawajibu hivyohivyo, wakaendelea kunitazama kana kwamba kuna sehemu nimeificha.

Tulimzika vizuri. Akina mama wa ushirika waliimba, Mama Mwenyekiti aliomba mpaka wachimba kaburi wakaegemea sepetu zao. Mimi nilisimama pale na mdomo mkavu. Amina zote zilipita juu yangu. Baada ya msiba sikurudi ushirikani. Mungu na mimi tulikuwa tumenuniana; au niseme mimi nilinuna, yeye sijui. Nilikwenda ibada ya asubuhi, nikakaa nyuma karibu na mlango kama mtu aliyekuja kuuliza njia, na watu waliposujudu mimi nilihesabu vigae.

Kwenye kikapu nilikuwa na sweta lake la mwisho, la bluu, limebaki mkono wa kushoto tu. Nililimalizia kwangu, peke yangu, macho wazi. Hakuna aliyeomba. Nilipoiweka mikono sambamba mezani ililingana hadi kitanzi cha mwisho. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimefuma sweta kama la dukani, na wa kulivaa hayupo. Nilikaa nikalitazama, nikalia, kisha nikajiona na kamasi zangu mbele ya kazi nzuri namna ile, nikaondoa sweta lisichafuke.

Siku wifi aliponiita tupange nguo za marehemu, nilikwenda kwa jambo moja ambalo naona aibu hata kulitaja. Nilitaka kuyaona masweta yangu. Tulifungua kabati: mashati, suti ya kanisani, suruali za kazi. Tukafungua sanduku chini ya kitanda: shuka na blanketi. Sweta hata moja.

"Wifi," nikasema, nikijifanya natafuta kitu kingine, "na yale masweta?"

"Yapi?"

"Yale… niliyokuwa nampa."

Wifi akasimama na shati mkononi. "Mbona hayajawahi kulala humu ndani, wifi. Ulikuwa ukimpa anakwenda nalo kazini, harudi nalo. Mimi nilidhani unajua."

"Yote?"

"Yote. Isipokuwa lile alilokuwa nalo mwilini, na lenyewe likichakaa kidogo linakwenda."

Nilisema alaa, nikaendelea kukunja nguo. Ndani yangu nilikuwa nimeshapata jibu. Alikuwa anakwenda kuyatupa. Au wanafutia sakafu. Kaka yangu mpole, mvumilivu, alikuwa anaubeba mzigo wangu hadi mbali nisipoweza kuuona, anautua. Sikumkasirikia. Nilijionea haya tu, kama mtu aliyegundua kwamba ameimba peke yake kanisani wakati kipaza sauti kiko wazi.

Wifi akakunja shati la mwisho. "Msimamizi wake amepiga simu, anasema tukachukue vitu vilivyobaki kule ghalani. Mimi siwezi kuiona milango ile. Nenda wewe, wifi yangu. Na lile la bluu ulilomaliza, mpe yeye. Alitusaidia sana msibani."

Basi nikaenda, na sweta kwenye mfuko.

Ghala lenyewe lina uwanja mpana wa saruji, na upande mmoja kuna mlango wa chuma mzito kama wa benki, wenye mpini mrefu. Kando ya mlango kulikuwa na benchi. Nikakaa. Mlango ukafunguka, moshi wa baridi ukamwagika miguuni mwangu, na akatoka mwanaume mrefu kupita kiasi akivuta toroli la makasha. Juu amevaa koti la kampuni, na chini ya koti, shingoni na mkono wa kushoto, linachungulia sweta la kijani lenye mstari wa kahawia. Ule mstari niliuweka kwa sababu uzi wa kijani uliniishia.

Nikashika benchi.

"Mama, shikamoo. Kama ni kununua, dirisha liko upande ule."

"Marahaba. Namsubiri msimamizi." Kisha mdomo wangu ukasema wenyewe, "Sweta zuri hilo."

Akajitazama kifuani. "Hili? Mama, usinitanie mbele ya watu."

Nyuma yake alikuwa ametokea mwanamke mnene aliyejifunga kitambaa cheupe kichwani hadi mabegani. Akacheka mpaka moshi ukamtoka puani. "Ngazi, mwambie mama wa watu ukweli. Aliyefuma hilo alikuwa anakimbizwa."

"Na nyuki," akasema Ngazi.

"Tena usiku. Mama, hebu tazama hiyo shingo. Huyu akilivaa saa moja, kichwa kinatokea saa nne."

"Wewe, Bibi Harusi, lako je? Mgongo wake, mama, una donge hapa katikati. Akiegemea ukuta anadhani kuna mtu anamwita."

Nilicheka. Naapa nilicheka kweli, maana donge lile nalijua. Ni mahali nilipounganisha nyuzi huku nikimwandikia mgonjwa miadi. Nikawauliza, machozi ya kicheko yakinisaidia kuficha mengine, "Sasa kama ni mabaya hivyo, mnayavalia nini?"

Wakatazamana kama watu walioulizwa kwa nini wanavaa viatu.

"Mlango," akasema Ngazi. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, ule mkono mrefu ukashuka na kumeza vidole vyote. "Mkono wa kulia unavuta toroli, sivyo? Wa kushoto unafungua. Mpini ule chuma chake kimepenya hadi ndani kwenye barafu; ukiushika kwa mkono mtupu, ngozi inabaki pale. Sasa ona." Akaukamata mpini kwa kile kipande kilichokuwa kikining'inia, akavuta. Mlango ukafunguka.

"Si mnapewa glovu?"

"Glovu zinalowa, zikilowa zinaganda. Ukizivaa ni kama umepeana mkono na samaki."

"Na kila ukitaka kufunga kamba ya kasha lazima uzivue," akaongeza Bibi Harusi. "Hili unakunja, unakunjua. Marehemu Barafu ndiye aliyelianza. Akipata jipya, la zamani anampa mwenzake. Mgeni hapewi. Lazima kwanza ukae, uonekane si mtu wa kukimbia kazi. Mimi nilisubiri mpaka nikakata tamaa."

"Kuna bwana mmoja aliukata mkono kwa mkasi apendeze," Ngazi akasema. "Barafu hakumsemesha mpaka mwezi ukaisha."

"Ndiyo, alikuwa akisema nini vile? Eti mkono wa kulia kafuma dada yangu…"

"…na wa kushoto kafuma mama mmoja wa kanisani kwao asiyejua kusema amina!"

Wakacheka wote wawili wakipigana mabega. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa kwenye mfuko wangu, natafuta kitu ambacho hakikuwemo.

Hapo ndipo msimamizi alipofika, mtu mfupi mwenye haraka, mikono miwili mbele. "Dada! Pole dada, umekaa nje muda wote? Jamani, huyu mmemkaribisha? Huyu ndiye dada yake Barafu. Yule mfumaji!"

Bibi Harusi akavuta kitambaa chake kikafunika uso wote, akawa bibi harusi kamili. Ngazi alijaribu kujificha nyuma ya toroli, na kwa urefu ule alibaki akionekana kuanzia kifuani.

"Mama," akasema kutoka juu ya makasha, "ile ya nyuki ilikuwa utani."

"Nyuki walikuwepo," nikamjibu.

Nikatoa sweta la bluu, nikampa msimamizi kwa niaba ya familia. Akavua koti akalivaa pale pale. Likamkaa vizuri. Kifua sawa, shingo sawa, mikono sawa kwa sawa. Akajigeuza, akanishukuru mara nyingi, kisha kwa mazoea akanyoosha mkono wa kushoto kwenye mpini. Kiganja kikagusa chuma. Akautoa mkono haraka, akaupuliza, akanitazama na tabasamu la adabu ambalo nilikuwa nimelizoea kwa watu wote duniani.

"Limependeza mno, dada."

"Hilo la kuendea harusini, bosi," akasema Ngazi.

Msimamizi akakohoa. Akauvuta ule mkono wa kushoto kuelekea vidoleni, haukuja. "Dada, usinielewe vibaya. Ni zawadi, na zawadi haisemwi. Lakini… mkono umeishia hapa? Uzi ulikwisha?"

"Ndivyo mikono ya sweta inavyokuwa," nikasema.

"Siyo ya kwenu," akasema. Alikuwa hana mzaha hata kidogo. Akalivua, akalikunja, akanirudishia kwa mikono miwili. "Naomba uniongezee. Kama la Barafu."

Maisha yangu yote zawadi zangu hazijawahi kurudishwa. Zilipotelea kwenye mabirika na shingo za mbwa. Hii ilikuwa ya kwanza kurudi, na ilirudi kwa sababu haikuharibika vya kutosha.

Vitu vya kaka nilivipitisha kwa wifi, kisha nilifika nyumbani nikakaa chini kufanya kosa langu. Nikaokota vitanzi vya nchani, nikafuma mistari kadhaa macho wazi. Mkono ukabana. Nikafumua. Nikafuma tena kwa kujilegeza, ukapinda. Nikafumba macho, nikaona giza tu, vidole vikasimama. Baada ya miaka yote ya kukosea bila kujaribu, nilipojaribu nilishindwa. Hapo nikajua kwamba hata ubovu wangu haukuwa wangu peke yangu.

Jumapili alasiri nikaenda ushirikani. Walikuwa wameshakaa na foronya zao. Mama Mwenyekiti aliponiona akaweka miwani juu ya paji la uso.

"Mwanangu. Ulitupotea."

"Nimekuja, mama. Nina kazi haijaisha."

Hakuniuliza kazi gani. Alinipisha nafasi kwenye mkeka karibu yake, na saa ya sala ilipofika akanigusa goti, akasema kwa sauti ya chini, "Najua umechoka na msiba. Leo nitaomba kwa kifupi."

Nikashtuka. "Hapana, mama! Tafadhali. Omba kama kawaida yako."

"Kweli?"

"Usiruke mtu. Na mabaharia usiwasahau."

Akanitazama kwa mashaka, maana hakuna aliyewahi kumwomba hivyo. Jirani yangu mwenye foronya akanifinya. Lakini Mama Mwenyekiti alikuwa ameshavuta pumzi. Nikafumba macho, sindano zikaanza kwenda. Akapita kwa wagonjwa, akapita kwa wanafunzi. Alipokuwa kwa madereva nilisikia mkono wa sweta unashuka kwenye paja langu. "Na tena, Baba," akasema, "tunakukumbushia wafiwa, na yule ndugu aliyefanya kazi kwenye baridi ili watu wengine wale." Vitanzi vikalowa. Haikuwa neno, sikuwa naviangalia. Nikafuma hivyohivyo vikiwa vimelowa, mpaka wafungwa, mpaka walinzi wa wafungwa, na amina ilipofika hatimaye niliisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jirani yangu akafumbua macho akanitazama kwa huruma. Alidhani nimechoka kungoja.